Kila Kitu Kitakuwa Sawa? Nani Kasema?

Makamanda, kuna ukuta Edinburgh, Scotland, umeandikwa ahadi kwa taa za neoni. Ni ukuta wa mbele wa jumba la taifa la sanaa ya kisasa, na maneno ni ya msanii Martin Creed. Kwa Kiswahili chetu: KILA KITU KITAKUWA SAWA. Basi, imeisha hiyo. Watu wanapiga selfi, wanaposti, wanaondoka wamefarijika.

Mimi nilisimama pale nikakasirika. (Nilienda kwa mashindano ya wanafunzi, nauli nililipiwa, kwa hiyo msianze.) Kitakuwa sawa lini? Kwa nani? Nani atakifanya kiwe sawa? Kifungu cha 29 cha Sheria yetu ya Mikataba kinasema makubaliano ambayo maana yake haina uhakika, wala haiwezi kupatiwa uhakika, ni batili. Ukuta ule ungeletwa mahakamani usingemaliza hata dakika tano.

Halafu angalia wanaoahidiwa. Jengo lile zamani lilikuwa shule ya watoto waliofiwa na baba. Na Creed alipoyaweka maneno hayo mara ya kwanza, mwaka 1999, aliyaweka Clapton, London, kwenye kipande kilichobaki cha kituo cha yatima. Eti kitakuwa sawa! Faraja ya namna hii hupewa asiye na wa kumsemea.

Sasa vuka barabara tu. Upande wa pili kuna jumba jingine la sanaa, nalo lilikuwa la yatima, na kwenye nyasi zake Nathan Coley amesimamisha mabomba ya chuma kama ya mafundi ujenzi, yenye balbu zinazosema: HAPATAKUWA NA MIUJIZA HAPA. Maneno yametoka kwenye amri ya mfalme, karne ya 17, kwa mji mmoja wa Ufaransa uliosifika kwa miujiza. Jamani, mfalme anapiga marufuku miujiza! Ni ubabe wa kuchekesha, lakini mimi nauchagua huo. Una mtoaji, una mahali, una katazo. Unajua umkatalie nani. Ahadi ya ng'ambo ya pili utamshitaki nani, fundi umeme?

Mtaniambia ni sanaa tu, nisiikamie. Ingekuwa sanaa tu ningenyamaza. Ila sentensi ya Creed tumeisikia sana nyumbani, bila neoni. Tarehe 30 Aprili 2015 ilipangwa tupige kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa. Ikaahirishwa, tarehe mpya itatangazwa. Itatangazwa lini, hakuna aliyesema. Kuanzia hapo ni "mchakato", "muda ukifika", "tuwe na subira", na kuna wenzetu kabisa wanaoirudia lugha hiyo wakidhani ni busara. Siku ile nilikuwa shule ya msingi. Leo niko mwaka wa tatu wa sheria, na Katiba ninayofanyia mtihani bado ni ya 1977.