Herufi Kubwa si Shahidi wa Nomino ya Pekee

Wanafunzi wa fasihi huingia chuoni na kanuni waliyoirithi kutoka darasa la Kiingereza, kwamba nomino ya pekee hutambulikana kwa herufi kubwa. Kanuni hiyo imepindua mambo. Herufi kubwa hufuata uamuzi, haiwezi kuuzaa. Hata katika Kiingereza chenyewe ushahidi wake ni dhaifu. Kiwakilishi cha nafsi ya kwanza umoja huandikwa kwa herufi kubwa ilhali si jina la mtu yeyote, na vivumishi vitokanavyo na majina ya nchi hupewa heshima iyo hiyo. Wafaransa huandika siku za juma kwa herufi ndogo, na bado wanaijua Jumatatu.

Emily Dickinson alizipa herufi kubwa nomino nyingi za kawaida. Wahariri wa toleo la 1890 wakazishusha, na wasomaji wakangoja toleo la Thomas H. Johnson la 1955 ndipo warejeshewe. Kilichopita kama usahihishaji wa tahajia kilikuwa uhakiki usiotangazwa.

Kosa hilo lina ndugu yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, isiyo na herufi kubwa. Kwa hiyo kila herufi kubwa iliyomo katika matoleo ya hati ya Kirumi, likiwemo lile la Al-Inkishafi la William Hichens la 1939, ni ya mhariri. Litazamwe neno fumo, ambalo ni mkuki na pia ni cheo cha watawala. Anayeandika “Fumo Liyongo” ameamua kwamba cheo kimekuwa sehemu ya jina. Anayeandika “fumo Liyongo” ameamua vingine. Wote wawili wana hoja. Asiye na hoja ni mtafiti anayejenga sura nzima ya tasnifu juu ya herufi ambayo mtunzi hakuiandika.

Kiswahili kina shahidi wake, naye husikika: upatanisho wa kisarufi. Katika Kusadikika (1951) Shaaban Robert alimwita waziri mmoja Majivuno. Majivuno ya kawaida yanasema. Majivuno waziri anasema. Asiyeona ukurasa kabisa hutofautisha mara moja, kwa kuwa nomino imehama ngeli pale ilipogeuka mtu. Hakuna darasa la Kiingereza linaloweza kufundisha jambo hilo, na kwa bahati mbaya madarasa mengi ya Kiswahili nayo hulipita.

Watetezi wa herufi kubwa watataja Adili na Nduguze (1952). Hasidi ndugu wa Adili anasema, na hasidi yeyote wa mtaani naye anasema; upatanisho haubadiliki. Ni kweli, na hapo herufi kubwa hulisaidia jicho. Lakini mwandishi alichagua jina hilo ili nomino ya kawaida iendelee kusikika ndani yake. Mhakiki anayetosheka na herufi kubwa, akahesabu kwamba Hasidi ni jina tu, ameupoteza nusu ya usanii wa kitabu.

Wahariri wa miswada iliyosalia wanadaiwa maelezo: waseme katika utangulizi ni kwa kigezo gani waliziweka herufi kubwa, na pale neno lenye pande mbili linapojitokeza, waliache kwa herufi ndogo na kutia tanbihi.