Msiukimbie Mgunga wa Griftu

Ndugu zangu vijana mnaoshika brashi huko Griftu, nina neno nanyi. Nayasikia manung'uniko yenu: kwamba Wajir Magharibi ni tambarare tupu, hakuna mlima wala bahari, na atakaye kuwa mchoraji wa mandhari sharti apande basi aende Lamu akachore majahazi. Hapana. Majahazi ya Lamu yamechorwa hata yamechoka.

Tambarare ni mwalimu mkali. Mlima humsitiri mchoraji. Watu hutazama kilele, wakasahau kwamba anga limepakwa ovyo. Griftu, robo tatu ya karatasi ni anga, na katika rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe: ukishaufunika, haurudi. Saa sita mchana rangi hukauka kabla brashi haijafika upande wa pili, ikaacha mstari kama alama ya jasho kwenye shati. Niliharibu karatasi nyingi nikimlaumu aliyeniuzia, kumbe kosa langu ni kuchelewa kuamka. Tokeni baada ya swala ya alfajiri. Korogeni kwanza rangi ya kutosha anga zima, lowesheni karatasi mbele na nyuma, ndipo muanze. Kopo moja la kusuuzia brashi, jingine la maji safi. Yale machafu yaacheni yatuame, yatumike tena kesho, maana maji ya jerikani yana wenyewe. (Mbuzi msimpe, baadhi ya rangi ni sumu.)

Watakuwapo wa kuwaambia kuchora ni haramu. Waulizeni kwa adabu habari ya Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, aliyemwelekeza mchoraji achore miti na vitu visivyo na roho. Mgunga una miiba, roho hauna.

Na mgunga mmoja ndio ninaowasihi. Uchoreni wakati wa kiangazi cha jilaal, matawi makavu na vumbi; uchoreni mvua za gu zikinyesha; mwaka ujao rudini papo hapo. Andikeni tarehe nyuma, wala msizichane zile mbaya. Joy Adamson, ambaye wengi humkumbuka kwa simba Elsa tu, alichora maua ya mwituni ya Kenya kwa rangi za maji, moja baada ya jingine. Mwaka 1947 Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo cha Bustani ya Uingereza ikamtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell. Baadaye ndipo serikali ya kikoloni ilipomwagiza achore watu wa makabila ya Kenya. Mkono ulikuwa umeshafunzwa na maua.

Naye alikuwa mgeni. Ninyi mmelelewa na wachungaji wanaomtambua ngamia wao kwa mwendo tu, wanaolisoma wingu lingali mbali. Jicho mnalo, kilichobaki ni mkono. Wazee wenu walihama kufuata malisho, na walifanya vyema. Katika kazi hii nawaomba msihame. Chagueni mti wiki hii, na karatasi ya kwanza iandikwe tarehe.