Mastaa, Acheni Kulia Laivu: Kuna Sehemu ya Kutua Mzigo na Hairushwi Hewani

Imeshakuwa kama ratiba. Staa wa Bongo anaachwa, anafiwa au anagombana na menejimenti, saa saba usiku anawasha laivu na kulia mbele ya maelfu ya watu. Kufika asubuhi kila ukurasa wa umbea una kipande chake. Nusu ya komenti zinasema anatafuta kiki, nusu zinasema apelekwe Mirembe.

Hapo hajapona mtu. Maumivu yake yamegeuka burudani, na hata akifuta video, wenzake wameshaihifadhi.

Mameneja nao wasemwe. Hela ya mavazi ipo, ya mpiga picha ipo, ya mwanasaikolojia ndiyo haionekani. Wengine wanafurahia kabisa, eti namba zinapanda!

Watetezi watasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sawa, lakini wahenga hawakusema maradhi yaanikwe sokoni.

Ipo tiba ya kikundi mtandaoni. Watu wachache, mara nyingi hawazidi kumi, wanakutana kwa video kila wiki na mtaalamu anawaongoza. Na tiba ya kikundi si fasheni ya juzi. Mwaka 1905 daktari Joseph Pratt wa Boston alikuwa akiwakusanya wagonjwa wa kifua kikuu wapeane moyo. Mwaka 1970 daktari wa akili Irvin Yalom, pia wa Marekani, aliandika kwamba moja ya vitu vinavyoponya kwenye kundi ni mtu kugundua hayuko peke yake. Hicho ndicho staa anachokitafuta kwenye laivu na hakipati.

Mtandaoni hakuna kukaa foleni huku watu wanapiga selfi. Akiwa kwenye ziara ya shoo, anahudhuria akiwa hotelini. Na kwa kawaida gharama ni ndogo kuliko kukaa na mtaalamu peke yako. Hata dada wa saluni aliye mbali na mji mkubwa anaweza kuingia, mradi ana bando na chumba chenye faragha.

Je, siri zikivuja? Swali la haki, ndiyo maana kundi halichaguliwi kienyeji. Aanzie kliniki ya afya ya akili hospitalini, au kwa mshauri nasaha, aulize kama wana kikundi cha mtandaoni. Kisha ahoji: kiongozi amesomea nini? Wako wangapi? Kurekodi kumekatazwa? Anayekiuka anafanywa nini? Majibu yakiwa ya kubabaisha, aondoke. Anayepambana na pombe ana Alcoholics Anonymous, iliyoanza Marekani mwaka 1935. Ina mikutano ya mtandaoni, haina kiingilio, na watu hawatumii majina kamili. Ile ni ya kusaidiana tu, haichukui nafasi ya daktari.

Ila kundi la WhatsApp la watu 200 chini ya "mwalimu wa mahusiano" anayeuza vitabu, hilo si tiba. Ni laivu nyingine tu. Na mwenye mawazo ya kujiua asisubiri kikao cha wiki ijayo, apelekwe hospitali leo leo.

Menejimenti iweke hela ya mtaalamu kwenye bajeti, kama inavyoweka ya mavazi. Na shabiki anayempenda staa wake kweli, akiiona laivu ya saa saba usiku, aache kurekodi.