Tusiulize tu Nani Alishinda

Tusomapo habari za vita hupenda kuuliza nani alishinda. Kwa maoni yangu yafaa tuulize pia: nani alibeba mzigo, na watu walibakiwa na nini?

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Kamanda Gustav Zimmer aliongoza meli za vita za Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, makao yake yakiwa Kigoma. Mwingereza Spicer-Simson akaja kupigana naye, akileta mashua mbili za mota kupitia Kongo. Waafrika wengi walikata njia na kuzivusha milima ya Mitumba. Tarehe 26 Desemba 1915 akaiteka Kingani. Februari 1916 akaizamisha Hedwig von Wissmann. Alipata sifa na nishani. Waliovusha mashua hatusomi majina yao.

Zimmer alishindwa. Lakini Julai 1916, Wajerumani walipoiacha Kigoma, waliizamisha meli kubwa Graf von Götzen kwa uangalifu, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, wengi wakapelekwa Nyarugusu, Kasulu, jirani yetu hapa Buhigwe.

Basi meli ya vita ikawa ya kuokoa. Wanafunzi wenzangu, tujibupo maswali ya historia tusiishie kwa makamanda; tuwataje na waliovuta kamba.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne