Malezi: Kifo cha Ouko Kisimuliwe kwa Uadilifu



Mji wa Sondu umekaa mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho. Wajaluo na Wakipsigis huuziana katika soko moja, na familia za Kiislamu huishi baina yao. Mwaka 2023 damu ilimwagika kwenye mpaka huohuo. Mahali kama hapo, namna mtoto anavyofundishwa habari ya kifo cha Dakta Robert Ouko si jambo la mtihani peke yake.

Katika Historia na Serikali ya kidato cha nne husomwa changamoto za nchi tangu uhuru. Mara nyingi kifo hicho hupita kama jina na mwaka tu: Pinto 1965, Mboya 1969, Kariuki 1975, Ouko 1990. Mwanafunzi hukariri, akapata alama zake, akarudi nyumbani na swali: nani alimuua, na kwa nini? Shule ikinyamaza, jibu hutolewa jikoni na barazani, na aghalabu jibu hilo huwa ni jina la kabila.

Tuyatazame yanayojulikana. Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru mwezi wa Februari 1990. Mwili wake ulipatikana karibu na kilima cha Got Alila, umepigwa risasi na kuchomwa moto. Serikali ya Rais Moi ilimwita mpelelezi John Troon wa Scotland Yard, kisha ikaunda tume ya Jaji Gicheru. Novemba 1991 Rais aliivunja tume hiyo kabla haijamaliza kazi. Mwezi huohuo walikamatwa Nicholas Biwott, Mkalenjin aliyekuwa waziri, na Hezekiah Oyugi, Mjaluo aliyekuwa katibu mkuu. Wote wawili wakaachiliwa bila kushtakiwa. Hadi leo hapana aliyetiwa hatiani.

Mtoto akiyapata haya kwa ukamilifu, ataona kwamba kabila halitoshi kuwa jibu. Ataona pia dhuluma isiyohitaji kubuniwa: mauaji ya mtu, na uchunguzi uliokatizwa na mwenye mamlaka.

Dini yetu imetuwekea mizani. Surat al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuzihakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Surat al-Maida, aya ya 8, yatuonya kwamba chuki juu ya watu isitutoe katika uadilifu.

Basi mama, mwanao akikuletea habari hii, muulize: hilo umelijuaje? Mfundishe kutenga lililothibiti na linalosemwa. Naye mwalimu asiishie kwenye tarehe. Aisome na wanafunzi habari ya tume na namna ilivyovunjwa. Watoto wa Sondu huketi dawati moja, na kesho watauziana soko moja. Tusiwarithishe kesi ambayo hata mahakama haikuikata.

Wabillahi tawfiq.