Mbele ya kuacha funguo ku garaji

Mutu wa mugodi anajua: mashini haitoke mu atelye bila mutu kutia sinyatire yake. Freni ikikosa, tunajua nani wa kuuliza. Sasa tukirudia huku Kamalondo na motoka zetu, mbona tunasahau?

Mwezi uliopita niliacha motoka mu garaji moja. Nililipa plaketi mupya za freni. Siku ya tatu, kwa njia ya Likasi, freni ikakataa. Watoto walikuwa nyuma. Mungu alitusaidia. Niliporudi, patron akasema ile ni pane ingine, nilipe tena. Sikuwa na karatasi hata moja. Nikalipa, na ile feza ilikuwa ya minervali ya mutoto.

Yeye alikosa, lakini mimi pia nilikosa. Sheria iko: dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mapatano. Kifungu 33 kinasema mapatano ni sheria kwa wale walioyafanya. Kifungu 258 kinasema anayeharibia mwenzake kwa kosa lake, alipe. Ila ku tribinali, bila karatasi utaonyesha nini?

Basi, bandugu na bamama: mbele ya kuacha funguo, andikeni kazi, bei na siku. Ombeni fakitire yenye sinyatire. Ombeni piesi za zamani murudishiwe, muzione na macho. Patron akikataa, mwende kwingine. Karatasi tunadai kwa mwajiri, tudai na kwa garaji vilevile.