Habari za msitu ziko kwenye rezo, na sisi je?

Siku hizi habari za miti, samaki na nyama za pori za Tshopo zinatembea mbio kuliko balenieri kwenye mto. Zamani, mutu mwenye kutaka kujua mimea ya Yangambi alipaswa kufika kwenye herbariamu ya INERA, ao kupanda ndege mpaka Ubelgiji. Leo Bustani ya Mimea ya Meise imekwisha kupiga picha mimea mikavu zaidi ya milioni moja, mingi yake ya Congo, na kuiweka kwenye intaneti. GBIF, yenye ofisi yake Copenhagen, inakusanya habari za namna hiyo toka dunia nzima, na kuzisoma ni bure. Hapa kwetu, nyuma ya safari ya Boyekoli Ebale Congo ya mwaka 2010, Centre de Surveillance de la Biodiversité ilizaliwa kwenye Université de Kisangani. Kazi hiyo tunaisifu.

Lakini bure kwa nani? Bila mega na bila umeme, bure haifike kijijini.

Wengine watauliza: sinidika ya migodi inatafuta nini kwa samaki? Tunajibu: mbele ya kuchimba, sheria inaomba etide ya mazingira. Bakubwa wakituambia "hapa ni pori tu, hakuna kitu", tunakosa la kujibu. Kumbe liste ya samaki wa mto ule inaweza kuwa imelala kwenye rezo. Maji yakichafuka, mfanyakazi na watoto wake njo wanaugua kwanza, na mshahara wote unaishia kwa samaki wa kutoka mbali.

Hatusemi kila kitu kiwekwe wazi. Pahali kamili pa okapi pafichwe, juu wawindaji nao wanasoma. Liste ya samaki wa mto, yenyewe, haina sababu ya kufichwa.

Njo maana tunaomba mambo matatu. Liste zichapwe kwa karatasi, teritware kwa teritware, katika Kiswahili na Lingala, na majina ya samaki vile wavuvi wanayaita. Wajumbe wa wafanyakazi wafundishwe kuzitafuta na kuzisoma. Na mvuvi ao mwenye kuonyesha njia porini, jina lake liandikwe pembeni ya jina la profesere.

Etide ingine ikiletwa mezani, tunataka tukae nayo tukiwa na liste yetu mukononi.